Utenzi wa wabeba makaa na wachonga mitumbwi

Kila Januari kisiwa cha Saint Lucia, katika Karibi, huadhimisha wiki ya washindi wake wa Nobel. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 617, dogo kuliko Pemba, na watu wake ni kama 180,000. Hata hivyo kimetoa washindi wawili: Arthur Lewis, aliyepata tuzo ya uchumi mwaka 1979, na Derek Walcott, aliyepata ya fasihi mwaka 1992. Wote wawili walizaliwa tarehe 23 Januari, mmoja mwaka 1915 na mwenzake 1930, na wote walipita St Mary's College ya mjini Castries.

Habari hizo hurudiwa kila mwaka, na nyuma yake hufuata ile ya kwamba Walcott alimchukua Homeri, mshairi wa kale wa Ugiriki aliyeimba vita vya Troya, akamhamishia Karibi. Si uongo. Kasoro yake ni kwamba humwanzisha msomaji mahali pasipofaa. Sehemu kubwa ya Omeros, utenzi wake uliotoka mwaka 1990, inaeleweka vizuri zaidi ukianzia bandarini, msituni, jikoni na kwenye ngoma za kisiwa chenyewe. Hiyo ndiyo hoja yangu, nayo ina upande wa pili usiofurahisha: kisiwa kinachomtukuza mshairi wake bado hakijaipa nafasi ya kutosha darasani lugha wanayosema wahusika wake.

Tutangulize makaa, kwa sababu hapo mshairi mwenyewe anaeleza mwendo wa shairi lake ulikotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Castries ilikuwa kituo kikubwa cha kujazia meli za mvuke makaa ya mawe. Wabebaji walikuwa wanawake. Kikapu kimoja kilikuwa na uzito wa ratili 112, yaani kilo 50 na ushei. Mwanamke alijitwisha kichwani, akapanda ubao mwembamba ulioegemezwa kwenye meli, akamwaga mzigo, akashuka kufuata mwingine. Katika sura ya 13, mzimu wa Warwick, baba aliyefariki wakati Derek na pacha wake Roderick wangali wachanga, unamchukua mwanawe hadi bandarini na kumwonyesha foleni ya wanawake hao. Kisha unamkabidhi kazi: apige magoti kuupokea mzigo kama wao, apande kama wao, hatua kwa hatua, maana wao walitembea na yeye anaandika.

Hilo si pambo la maneno. Omeros ina vitabu 7 na sura 64, kila sura ikiwa na sehemu tatu, karibu yote kwa beti za mishororo mitatu. Mshororo ni mrefu, una mapumziko katikati, halafu unaendelea kupanda. Msomaji aliyelelewa na tenzi zetu, zenye mizani 8 kwa kila mshororo na kina cha bahari kinachorudi mwisho wa kila ubeti, hujikwaa hapa mapema: huhesabu mizani, akakuta haziwiani, akaamua kwamba shairi ni huru. Si huru. Kinachohesabika ni mikazo ya sauti, na vina vipo ila mara nyingi ni nusu kina, vimefichwa mwishoni mwa mishororo inayoachana. Lisome kwa sauti, pumzika kidogo katikati ya mshororo, wala usisubiri nukta ndipo uvute pumzi. Baada ya kurasa mbili tatu miguu inasikika.

Utenzi huu wala hauanzi na vita. Unaanza na Philoctete, mvuvi wa kijiji cha Gros Islet, akiwaeleza watalii jinsi walivyokata miti ya mitumbwi asubuhi moja. Wakiongeza fedha kidogo, anawaonyesha, chini ya mkungu, kovu la mguuni lililotokana na nanga yenye kutu. Wachambuzi wengi huiruka haraka sehemu hii ya miti ili wamfikie Helen, mwanamke anayegombewa na wavuvi wawili, Achille na Hector. Wanapoteza mengi, kwa kuwa mtumbwi wa Saint Lucia una ufundi wake, na ufundi huo ndio unaoeleza kwa nini watu hawa wanaishi na kugombana kama walivyo.

Mti wa asili wa kazi hii ni gommier, mti wa msitu wa mvua unaofikia mita 30, wenye utomvu wa kunukia unaochomwa kama ubani. Ukishaangushwa, gogo huchongwa kwa shoka na tezo palepale msituni, likakombwa ndani kiasi cha kupunguza uzito, ila kuta zikiachwa nene ili lisipasuke njiani. Halafu huvutwa kwa kamba hadi pwani na kundi la wanaume, huku wakiimba kupatanisha nguvu. Pwani huanza kazi ya hatari. Gogo hujazwa maji na mawe, moto ukawashwa kando yake, na joto pamoja na uzito huo hulainisha kuta mpaka zifunguke taratibu kwenda nje. Mti ukiwa umeshakauka haufunguki. Moto ukizidi upande mmoja, au fundi akiwa na papara, ufa hukimbia na nyuzi za mti, na jasho la wiki nyingi likawa kuni. Hata kufunguka vizuri kuna gharama: mtumbwi ukipanuka, kingo zake za katikati hushuka. Ndiyo sababu huongezewa mbao pande zote mbili, zikashikwa na mataruma, yaani mbavu za chombo, na kukalafatiwa ili maji yasipenye. Chini ni mti mmoja, juu ni mbao za kuunga.

Chombo cha namna hiyo, kilicho wazi, huingiza maji kila siku, iwe ya mvua au ya mawimbi. Sasa tazama ugomvi wa mwanzo kati ya Achille na Hector: wanagombana hadi panga linashikwa kwa sababu ya kopo kuukuu la kufulia maji, yaani la kuyatoa chomboni. Mshairi anasema wazi kwamba nyuma ya kopo yuko Helen. Lakini aliyewahi kukaa kwenye chombo kisicho na sitaha anajua kwamba kopo lenyewe linatosha. Baharini, asiye na kopo anazama.

Achille ameandika kwenye mtumbwi wake *In God We Troust*, akichapia neno la mwisho. Padri anapotabasamu kwa kosa hilo, mvuvi anamwambia aliache, ni tahajia ya Mungu na yake. Hector yeye anaacha bahari na kuendesha gari la abiria liitwalo Comet, anakimbiza pesa na mwendo, na barabara inamuua. Kwa mvuvi mmoja huyo Walcott ameeleza uchumi wa kisiwa kizima: miwa iliyokwisha, ndizi zilizoshika usukani kuanzia miaka ya 1950 kisha zikayumba kanuni za biashara za Ulaya zilipobadilika katika miaka ya 1990, halafu utalii, ambao humlipa dereva kuliko mvuvi. Mitumbwi ya gommier nayo imeachia nafasi boti za fiberglasi, nyepesi na zisizohitaji mti mzima.

Gari la abiria linarudi katika shairi jingine, “The Light of the World”, la mwaka 1987. Mshairi yumo ndani ya basi dogo linalotoka mjini usiku kwenda Gros Islet, muziki wa Bob Marley unapigwa, na bibi mmoja mwenye vikapu anamwomba dereva, kwa Kwéyòl, lugha ya watu wa kisiwa, asimwache chini. Ombi dogo la stendi, na shairi zima linabebwa nalo, maana mwandishi anajua kwamba yeye ndiye aliyewaacha watu hawa alipokwenda ng'ambo. Katika Omeros anajihoji kwa ukali zaidi: je, hakutaka maskini wabaki vilevile, kwenye nuru ileile, ili yeye apate cha kuandika? Swali hilo lina haki ya kuulizwa hata leo, na namheshimu kwa kuliweka ndani ya kitabu chenyewe badala ya kuwaachia maadui wake.

Nyimbo sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Saint Lucia ina vyama viwili vya waimbaji, La Woz na La Magrit, vilivyopewa majina ya maua na kuwekwa chini ya watakatifu wa Kanisa Katoliki. Sikukuu ya La Woz ni tarehe 30 Agosti, ya La Magrit ni 17 Oktoba. Kila chama kina mfalme, malkia, wana wa mfalme, majaji, polisi, askari na wauguzi. Miezi kadhaa kabla ya sikukuu, wanachama hukutana usiku wa mwisho wa wiki. Anayeingia bila kuwasujudia mfalme na malkia hukamatwa na polisi wa chama, hufikishwa mbele ya jaji na kutozwa faini, na faini huingia kwenye mfuko. Mfuko huo kwa desturi ulisaidia wagonjwa na mazishi. Siku yenyewe kuna misa, maandamano ya mavazi ya kifalme, karamu na dansi hadi alfajiri.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ameshatambua kitu hapa. Beni, ngoma za mashindano za vyama kama Marini na Arinoti, nazo zilikuwa na wafalme, vyeo vya kijeshi, michango ya kuzikana na nyimbo za kumsuta mpinzani, na ngoma za lelemama za akina mama wa Mombasa vivyo hivyo. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni watu waliotawaliwa, waliojijengea dola lao la usiku mmoja lenye sheria zake.

Kwa fasihi, kiungo cha chama ni chantwèl, kiongozi wa wimbo, mara nyingi mwanamke. Yeye hutunga mpya kila msimu, anatoa kauli na wengine wanaitikia. La Woz hupenda ngoma na vishindo. La Magrit hujisifu kwa utulivu na sauti iliyopangika. Kusifu ua lako na kulichoma la wenzio ni sehemu ya kazi, na wimbo usiouma hausahihishwi na mtu, unaachwa tu usirudiwe. Marie Selipha Descartes wa Micoud, aliyejulikana kwa jina la Sesenne, alizaliwa mwaka 1914 na kufariki 2010 akiwa chantwèl mashuhuri kuliko wote kisiwani. Kwa miaka mingi sauti kama yake ilihesabiwa kuwa ya washamba. Walcott hakufanya hivyo: katika shairi lake “Sainte Lucie”, la mwaka 1976, aliweka wimbo mzima wa Kwéyòl, ambao anasema aliusikia nyuma ya lori la wazi lililokuwa likienda Vieux Fort, kisha akaweka tafsiri yake baada ya hapo. Wimbo kwanza, Kiingereza baadaye. Ningependa utaratibu huo ufuatwe na shule.

Jikoni sitakawia, ila chakula cha taifa kina somo lake. Ni ndizi mbichi na samaki wa chumvi, samaki wa bahari za baridi za kaskazini ambaye Waingereza waliwaletea watumwa kwa kuwa alikuwa rahisi na haozi. Kwa watu wanne, nusu kilo ya samaki hulowekwa usiku kucha, maji yakabadilishwa, akachemshwa na kuonjwa. Chumvi ikizidi anachemshwa tena kwa maji mapya. Anayeharakisha hatua hii hana cha kuokoa baadaye. Ndizi kama kumi hupasuliwa ganda kwa urefu na kuchemshwa dakika 20 hivi, ndani ya maji yenye mafuta kidogo na ndimu ili utomvu usigande kwenye sufuria na ndizi zisiwe nyeusi. Ikianza kuiva, haifai. Samaki huchambuliwa miiba na kukaangwa na vitunguu, saumu, hoho na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Sahani hiyo ina historia ya kisiwa: ndizi ya kusafirishwa Uingereza na samaki wa mgao wa mtumwa, ambavyo watu wamevigeuza kuwa chao.

Lugha ya jikoni hilo ni Kwéyòl. Waingereza na Wafaransa walinyang'anyana kisiwa hiki mara 14 kabla hakijabaki kwa Waingereza moja kwa moja mwaka 1814, na kwa hiyo sheria na shule zikawa za Kiingereza wakati watu walishakuwa na lugha yao, yenye maneno mengi ya asili ya Kifaransa na sarufi yake yenyewe. *Mwen ka alé*, ninakwenda. *Mwen té ka alé*, nilikuwa nakwenda. *Mwen kay alé*, nitakwenda. Vijineno vya wakati hukaa kabla ya kitenzi kwa utaratibu ambao mtumiaji wa Kiswahili ataushika upesi. Lugha hii ilipata mfumo wa tahajia mwanzoni mwa miaka ya 1980, tahajia safi, sauti moja kwa alama moja. Agano Jipya lilitoka kwa Kwéyòl mwaka 1999. Kinachokosekana ni wasomaji.

Sababu zake zinajulikana. Vizazi vingi viliadhibiwa shuleni kwa kuisema. Macho ya watu wazima yamezoea tahajia ya Kifaransa kwenye majina ya miji, Soufrière au Anse La Raye, na ya Kiingereza kwenye kila kitu kingine, hivyo neno *Kwéyòl* lenyewe likiandikwa sawasawa huonekana kama limekosewa. Walcott mwenyewe hakutumia mfumo mpya. Maneno ya Achille na Hector kwenye Omeros yameandikwa kwa sura ya Kifaransa. Simlaumu sana, alikuwa ameshakomaa mfumo ulipotoka, lakini athari ipo: kitabu kikuu cha kisiwa hakimfundishi mtoto kuandika lugha ya wahusika wake.

Oktoba huwa mwezi wa urithi, na Jumapili yake ya mwisho ndiyo Jounen Kwéyòl. Miji na vijiji huteuliwa kuwa wenyeji, nguo za madras, kitambaa cha mirabaraba, huvaliwa, mikate ya muhogo huokwa, violini na shak-shak, aina ya kayamba, hupigwa. Ni siku nzuri. Tatizo ni kwamba Novemba ikifika hakuna ukurasa uliobaki mkononi mwa mtoto. Na kumbukumbu zilizokusanywa ziko hatarini: Kituo cha Utafiti wa Utamaduni wa Jadi, Folk Research Centre, kilichoanzishwa mwaka 1973, kiliungua Machi 2018, na pamoja nacho sehemu kubwa ya vitabu na hifadhi zake. Kwa lugha ambayo fasihi yake iko mdomoni na kwenye kanda, moto wa siku moja hufuta maktaba ya taifa.

Dawa si ghali. Maneno ya nyimbo za La Woz na La Magrit yachapwe kwenye karatasi moja na kugawiwa kanisani siku ya misa, kwa tahajia sanifu. Mtu anayejua wimbo kwa moyo hujifunza kuusoma bila mwalimu. Vitendawili vikusanywe viwe kitabu cha kwanza cha darasa, maana watoto wanavijua: mtegaji husema *Tim tim!* na wote huitikia *Bwa chès!*, sawa na kitendawili na tega. Kipindi kimoja kwa wiki katika miaka mitatu ya mwanzo kinatosha kuanzia. Na nakala ziwekwe sehemu zaidi ya moja, nyingine nje ya kisiwa, kwa ajili ya moto na vimbunga.

Waandishi waliofuata wamekwisha kuonyesha njia. Vladimir Lucien, aliyeshinda Bocas, tuzo ya fasihi ya Karibi, mwaka 2015, anaandika Kiingereza kinachosikika kuwa kimepita kwa bibi na babu wa Kwéyòl, wala haombi radhi. Kendel Hippolyte, mkubwa wake kwa umri, amefanya hivyo kwa miongo kadhaa katika mashairi na jukwaani. Wasomaji wa kwetu hawawajui kwa sababu jina moja limejaza mlango.

Mfasiri wa Kiswahili atakayetaka kuileta fasihi hii kwetu asianze na Omeros. Aanze na *Ti-Jean and His Brothers*, tamthilia ya Walcott ya mwaka 1958. Mama maskini ana wana watatu, na Shetani ameweka dau: atakayemkasirisha atalipwa, atakayekasirika ataliwa. Wa kwanza anategemea misuli, wa pili anategemea vitabu, wa tatu anamsikiliza mama na kuwaamkia wadudu na chura njiani. Msimulizi ni huyo chura. Mtoto aliyekulia kwenye paukwa pakawa hahitaji utangulizi, na vikundi vya shule vinaweza kuicheza kwa ngoma moja na vinyago vya karatasi.

Akifika kwenye Omeros, msamiati autafute kwa mafundi wa vyombo wa Lamu, Nungwi na Kilwa, ambako omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake) na taruma ni maneno ya kazi ya kila siku. Asiulazimishe utenzi uingie kwenye mizani 8, mwendo utakatika. Mistari ya Kwéyòl aiache kama ilivyo, bila kuisawazisha, kwa kuwa mara nyingi mshairi mwenyewe ameishatoa maana kwenye mstari unaofuata. Majina vilevile. Achille wa Gros Islet hutamkwa Ashil, na abaki hivyo hata kwenye tanbihi; akigeuzwa Akile, msomaji atamtafuta Troya, naye yuko ufukweni anafua maji.